Je, wajua kwa nini tufaha la Bramley husambaratika sufuriani?

Chemsha vipande vya tufaha jekundu la kawaida la dukani: vitalainika, lakini vingi vitabaki vipande. Weka Bramley, tufaha kubwa la kijani wanalolipenda wapishi wa Uingereza, na kabla hujashika mwiko limeshafura, limepasuka, limekuwa rojo.

Seli za tunda hushikanishwa na pektini, ileile inayogandisha jemu. Moto na maji huiyeyusha, seli zikaachana. Sukari huchelewesha kazi hiyo, na Bramley lina sukari kidogo na asidi nyingi. Ndiyo maana anayetaka rojo hutia sukari mwishoni, tunda likishalainika. Anayetaka vipande vizima vya kujaza pai huitia mapema. Mti wa kwanza wa Bramley ulitokana na mbegu aliyopanda msichana Mary Ann Brailsford huko Southwell, Uingereza, mwaka 1809. Jina likaenda kwa Matthew Bramley, muuza nyama aliyeinunua baadaye nyumba yenye mti huo. Dhuluma, ukiniuliza mimi.

Mapishi ya rojo lenyewe hayana ufundi. Menya, toa mbegu, katakata, nyunyizia ndimu yasigeuke rangi. Maji ni vijiko viwili vitatu tu, kwa kuwa tunda lenyewe ni maji zaidi ya asilimia 80. Funika, moto mdogo, kisha ponda. Wamarekani huongeza mdalasini.

Waingereza hula rojo hili na nyama ya nguruwe ya kuoka, kwa sababu uchachu hukata mafuta. Asiyekula nguruwe hajakosa kitu: Wajerumani hulipakulia juu ya chapati za viazi vilivyokunwa na kukaangwa, tena zikiwa bado zinachuruzika mafuta. Wayahudi wengi nao hula chapati za namna hiyo wakati wa Hanuka, sikukuu inayokumbuka mafuta yaliyowasha taa ya hekalu, na rojo la tufaha huwa pembeni.

Kwa kuwa halihitaji kutafunwa, hulishwa watoto wasio na meno. Tarehe 20 Februari 1962 lilimfaa hata John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani. Wataalamu walikuwa na wasiwasi kama mtu ataweza kumeza pasipo uzito, basi wakampa rojo la tufaha ndani ya mrija wa alumini, mfano wa dawa ya meno. Alikamua, akameza, likashuka bila tabu.