Chumvi kidogo, mafuta mengi? Si kwa kila mwamba

Kila nikikutana na wawekezaji au vijana wa uhandisi, swali ni lile lile: kama maji yenye chumvi kidogo yakisukumwa ardhini hutoa mafuta ghafi zaidi, kwa nini tusichote ya mtoni tukayasukumia kisimani? Nimechoka kulisikia, maana wapo wanaoliwekea bajeti kabla hata ya kuuliza mwamba wenyewe ni wa aina gani.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yanayohesabiwa kuwa ya chumvi kidogo kwa kazi hii kwa kawaida hayazidi gramu 5. Lakini kupungua kwa chumvi peke yake hakutoi mafuta. Kwenye mwamba wa mchanga, mafuta hunata kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi zilizomo vitunduni, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kalsiamu na magnesiamu za maji ya asili ya mwamba ndizo zinazoyashikiza. Chumvi ikipungua, kalsiamu inaachia na mafuta yanabanduka. Kwa hiyo unahitaji mfinyanzi, maji ya asili yenye kalsiamu, na mafuta yenye viambato vya kunata. Kikikosekana kimoja, mtambo wako wa kuchuja chumvi ni hasara tupu.

Huko Endicott, eneo la mafuta la Alaska, kampuni ya mafuta ya BP ilijaribu maji hayo kati ya visima viwili vilivyoachana mita 300 hivi. Kiasi cha maji katika kilichopanda juu kilishuka kutoka asilimia 95 hadi 92. Msidharau tofauti hiyo: katika kila mapipa 100, mafuta yalipanda kutoka 5 hadi 8. Kampuni hiyo hiyo ilifungua Clair Ridge, magharibi ya visiwa vya Shetland, Uskoti, mwaka 2018, ikiwa na mtambo wa kupunguza chumvi tangu siku ya kwanza, ikitarajia hadi mapipa milioni 40 ya ziada kutokana na mtambo huo. Sasa nendeni Snorre, eneo la mafuta la Norwei. Walipima maabara, wakapima na kisimani, faida ikawa karibu na sifuri, kwa sababu mwamba ule ulikuwa tayari katika hali nzuri ya kuachia mafuta. Ekofisk, eneo jingine la Norwei, nako ni chaki, si mchanga. Pale maji ya bahari yamesukumwa tangu 1987, na katika joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi salfeti ya bahari ndiyo inayosaidia kubandua mafuta. Ukipeleka maji ya mto pale, umeunyima mwamba kitu chenye manufaa.

Halafu kuna hatari. Weka kipande cha mwamba wenye mfinyanzi kwenye kishikio cha maabara, pitisha maji yasiyo na chumvi kabisa, kisha tazama. Geji ya presha inapanda, na matone yanayotoka upande wa pili yana rangi ya tope. Mfinyanzi umevimba au umeng'oka na kuziba njia. Kisima kikifika hapo, kukifungua tena ni gharama kubwa, na mara nyingine hakifunguki. Ndiyo maana kwenye mradi wa mafuta wa Tilenga, Uganda, ambako maji yatachotwa Ziwa Albert, ni kosa kusema faida imekuja bure kwa kuwa ziwa si bahari. Jibu lipo kwenye mwamba. Nileteeni kipande chake na chupa ya maji ya asili kabla ya kuniletea ankara ya mtambo.

Wengine wanadhani mafuta ni ziwa chini ya ardhi. Yamo kwenye vitundu vya mawe. Ndiyo maana kati ya mapipa takriban bilioni 6.5 yaliyogunduliwa Uganda, yanayohesabiwa kuvunika ni kama bilioni 1.4. Hakuna aliyeiba yaliyobaki.

Na maji yaliyotiwa kabonidayoksaidi, ambayo nayo husukumwa kisimani ili kutoa mafuta? Wapo wanaoniambia, "Yatalipuka kama soda." Hapana. Gesi imeyeyuka, na maji hayo ni mazito kidogo kuliko ya kawaida, kwa hiyo hushuka badala ya kupanda. Yakigusa mafuta, gesi inahamia humo kwa kuwa inayeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta, na mafuta yanavimba na kutiririka kwa urahisi. Kinachonitia wasiwasi ni kutu, kwani maji hayo ni asidi na yanatafuna chuma cha kawaida. Mabomba na vifaa vya kisima vya chuma kisichoshika kutu viingie kwenye hesabu tangu mwanzo, au mabomba yapakwe kinga ndani, maana wasambazaji wengi hukutajia bei ya gesi tu.