Je, wajua utambi wa karabai hauungui usiku kucha?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba utambi wa karabai, kile kifuko cheupe mithili ya soksi ya mtoto mchanga, ni kitambaa kinachoungua polepole. Kwetu Igombe, kaskazini mwa Mwanza mjini, kila jioni isiyo na mbalamwezi karabai zilijazwa mafuta ya taa, zikapigwa pampu, zikapakiwa mitumbwini kwenda kuvua dagaa. Koroboi ya nyumbani ilikula utambi wake. Nikaona karabai nayo inakula wake, ila kwa adabu zaidi.

Kumbe kitambaa huteketea chote mara tu utambi mpya unapowashwa. Kinachobaki ni majivu yaliyoshika umbo la kifuko. Ndiyo maana utambi uliokwisha kutumika ukiugusa unamomonyoka kama unga. Hilo nililijua kwa kidole. Baba mdogo alinizaba kofi, na kofi halikuja na maelezo. Kwa hiyo kinachowaka ziwani hadi alfajiri ni majivu, na majivu hayana cha kuungua tena: yanapata moto, yanang'aa, basi.

Si majivu ya pamba, lakini. Kitambaa huroweshwa chumvi za metali kiwandani, na moto huzigeuza kuwa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni. Mwaustria Carl Auer von Welsbach alisajili utambi wa kwanza wa aina hii mwaka 1885. Mwanga wake ulikuwa wa kijanikijani, na haukupendwa. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliodumu: oksidi ya thoriamu kama asilimia 99, ya seriamu asilimia 1 tu. (Siku hizi tambi nyingi zina itriamu badala ya thoriamu, kwa kuwa thoriamu ina mionzi.)

Hapo nikakosea mara ya pili. Kama seriamu ndiyo inayong'arisha, si waongeze?

Fikiria tenki la maji lenye bomba nyingi ubavuni, toka chini hadi juu. Maji ni joto linaloingia kutoka kwenye moto; kina chake ni jinsi kitu kilivyopata moto. Bomba za chini ni mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho; za juu ni mwanga tunaouona. Kipande cha mkaa kimefungua bomba zote: maji yanavuja chini, kina hakipandi, na mkaa unabaki mwekundu. Oksidi ya thoriamu imefunga karibu zote. Kina kinapanda sana, ila juu hakitoki kitu cha maana. Seriamu inafungua bomba za juu, na za chini kidogo sana. Ukiizidisha, hata huo uvujaji mdogo wa chini unatosha kushusha kina, yaani utambi unapoa na mwanga unafifia.

Kwa miongo mingi baadhi ya watafiti walishikilia kwamba kemia ya moto wenyewe inauchochea mwanga moja kwa moja. Vipimo vimeelemea upande wa tenki.

Sasa wavuvi wengi wamehamia taa za sola, na ungedhani seriamu imestaafu. Haijastaafu. Itazame taa hiyo ikiwa imezimwa: utaona vidoa vya njano. Kwa kawaida hiyo ni oksidi ya itriamu na alumini iliyotiwa seriamu kidogo. Chini ya kila kidoa kuna kidude kinachotoa mwanga wa buluu. Seriamu inameza sehemu ya buluu hiyo na kutoa njano. Buluu iliyosalia ikichanganyika na njano, jicho linaona nyeupe.

Elementi ni ileile, ila kazi ni tofauti kabisa. Kwenye karabai ilihitaji zaidi ya nyuzi 1,500 za joto. Hapa joto likizidi inalegea. Na ingawa imo katika kundi la madini yanayoitwa adimu, katika ardhi seriamu ni nyingi kuliko risasi na bati.

Tabaka la njano nalo likibanduka, buluu inabaki peke yake. Basi ukiona taa ya mtumbwi imegeuka rangi ya zambarau, usimlaumu fundi wa betri.