Entebbe si uwanja wa ndege tu

Wengi huamini kwamba Kampala imekuwa makao makuu ya Uganda tangu enzi za Waingereza, na kwamba Entebbe ni mahali pa kupandia ndege tu. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana wizara nyingi leo ziko Kampala. Hata hivyo, utawala wa kikoloni uliweka makao yake Entebbe katika miaka ya 1890, na Kampala ikawa mji mkuu mwaka 1962, uhuru ulipopatikana.

Ukitaka kuhakikisha, omba maktabani gazeti rasmi la serikali la miaka ya 1930. Tazama mahali lilipochapwa: Entebbe. Ushahidi wa aina hiyo una uzito kuliko masimulizi, kwa sababu uliandikwa wakati uleule.

Au nenda ukajionee. Kutoka Kampala ni kilomita 40 hivi. Matatu nyingi huishia Kitoro, mtaa wa Entebbe, na wageni hupitiliza hadi huko, kumbe Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898, wameiacha nyuma upande wa ziwani. Mwambie kondakta mapema akushushe. Ikulu nayo bado ipo mjini humo. Usiipige picha bila ruhusa.