Vinasaba vya Virusi Havitaji Jina la Aliyekuambukiza

Kila unapotokea mlipuko wa ugonjwa, na hata pasipo mlipuko, ombi linaloletwa kwetu maabara ni lilelile: kwa kuwa siku hizi mnasoma vinasaba vya virusi, tuambieni basi nani kamwambukiza nani. Nimelisikia mjini Mwanza, Sengerema na Ukerewe, kutoka kwa ndugu wa wagonjwa na, jambo linalonisikitisha zaidi, kutoka kwa watumishi wa afya ambao wangepaswa kujua. Mara nyingi anayeuliza tayari ana jina kichwani, na anachotaka ni mhuri wa maabara juu ya lawama aliyokwisha kuitoa. Kwa hiyo nitaanza na dhana hii na nitakaa nayo kuliko nyingine.

Dhana: vinasaba vitaonyesha nani alileta ugonjwa nyumbani

Havitaonyesha. Tuchukue virusi vya UVIKO-19, ambavyo jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ina herufi karibu 30,000. Ukoo mmoja wa virusi hivyo hupata mabadiliko takriban mawili kwa mwezi, ilhali ugonjwa wenyewe huhama kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine katika siku chache tu. Maana yake ni kwamba virusi vinaweza kupita kwa watu wawili au watatu bila hata herufi moja kubadilika. Nikizipanga kwenye skrini sampuli za watu watano wa nyumba moja, si ajabu herufi zote zikalingana kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hapo hakuna mtaalamu awezaye kusema kwa uaminifu kwamba ugonjwa ulianza kwa baba, kwa mama au kwa binti wa kazi. Alama, yaani herufi iliyobadilika, ikipatikana nayo haitoshi. Mwaka 2020, katika nafasi ya 23,403 ya jenomu hiyo, herufi A iligeuka kuwa G, na baada ya miezi michache alama hiyo ilikuwa imeenea karibu dunia nzima. Watu wawili walioonekana nayo hawakuwa na uhusiano zaidi ya ule waliokuwa nao na mamilioni ya wengine.

Kwa VVU watu hudhani kazi ni rahisi, kwa sababu virusi hivyo hubadilika upesi na kila mgonjwa huwa na virusi vyake vinavyotofautiana kidogo na vya mwenzake. Lakini virusi vya mume vikifanana sana na vya mke, maelezo yanayowezekana ni mengi: huenda mume alimwambukiza mke, huenda mke alimwambukiza mume, huenda wote wawili waliambukizwa na mtu wa tatu, na huenda kati yao yupo mtu mwingine ambaye hajawahi kutoa damu yake. Mti wa nasaba tunaouchora una matawi ya wale tu waliochukuliwa sampuli, na asiyepimwa haonekani hata kama ndiye kiungo chenyewe. Zipo mbinu za kusoma kwa kina ambazo huweza kukisia maambukizi yalielekea upande gani, na ni mbinu nzuri pale zinapojumlisha jozi nyingi za watu, ila kwa jozi moja uwezekano wa kukosea bado ni mkubwa mno kumwekea mtu hatia. Mwaka 2018 wanasayansi 20 waliobobea katika VVU walitoa tamko la pamoja kuhusu sayansi na sheria za jinai, wakisema wazi kwamba uchambuzi wa vinasaba peke yake hauwezi kuthibitisha kwamba mtu fulani alimwambukiza mwingine.

Kwetu dhana hii inamuumiza mwanamke kwanza. Yeye hupimwa anapohudhuria kliniki ya wajawazito, majibu yake hutoka kabla ya ya mumewe, na papo hapo ndugu huhitimisha kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Aliyepimwa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza. Ninawaomba wauguzi wa vituo vya tiba na matunzo walitamke hilo mbele ya wenza wote wawili, tena kabla hawajaulizwa, na wasiwaahidi watu kipimo cha vinasaba ambacho hakitawapa jibu hilo.

Ambacho vinasaba vinaweza kufanya kwa nguvu ni kinyume chake: kumwondolea mtu lawama. Virusi vya watu wawili vikitofautiana sana, tunaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba hawakuambukizana. Nchini Libya, wauguzi watano wa Bulgaria na daktari mmoja Mpalestina walihukumiwa kifo kwa madai ya kuwaambukiza VVU kwa makusudi watoto zaidi ya 400 katika hospitali moja ya Benghazi. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ukoo wa virusi hivyo ulikuwa ukienea hospitalini humo kabla ya watumishi hao kuwasili Machi 1998. Waliachiwa huru mwaka 2007. Ningependa kila anayekuja kwetu kutafuta mtu wa kumshtaki aisome kesi hiyo kwanza.

Dhana: wavuvi ndio wanaosambaza VVU kwenda vijiji vya ndani

Hii ni lawama ileile, ila safari hii imeelekezwa kwa jamii nzima. Ni kweli kwamba katika mialo, yaani fukwe zinakoshushwa samaki, na katika kambi za uvuvi maambukizi ni mengi. Katika jamii za wavuvi za Rakai, upande wa Uganda wa ziwa letu Victoria, karibu watu wanne kati ya kumi wameonekana kuwa na VVU. Kutokana na hilo watu walihitimisha kwamba mwaloni ndiko chemchemi ilipo na kwamba vijiji vya ndani vinapokea tu. Watafiti waliosoma vinasaba vya virusi vilivyochukuliwa Rakai kati ya mwaka 2011 na 2015, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020, walikuta picha tofauti: maambukizi mengi yalitokea ndani ya jamii moja moja, na yale yaliyovuka mpaka yalielekea zaidi kutoka vijiji vya ndani kwenda ziwani kuliko kutoka ziwani kwenda ndani. Mwalo unapokea kuliko unavyotoa. Hapa ndipo teknolojia hii inapostahili gharama yake, kwa sababu haikumtaja mvuvi yeyote wala mke wa yeyote, na bado ilionyesha kwamba huduma zinapaswa kupelekwa mwaloni kwa ajili ya watu wa mwaloni wenyewe, si kwa ajili ya kuwakinga wengine dhidi yao.

Dhana: nchi iliyotangaza aina mpya ya virusi ndiyo iliyoizalisha

Aliyetangaza ni yule aliyekuwa akitazama. Afrika Kusini iliripoti aina ya virusi vya UVIKO-19 iliyopewa jina la Omicron tarehe 24 Novemba 2021, na katika siku chache ikafungiwa safari za ndege. Baadaye Uholanzi iliikuta aina hiyohiyo katika sampuli zilizochukuliwa tarehe 19 Novemba. Nchi inayoadhibiwa kwa kusema kweli hufundishwa kunyamaza, na majirani ndio watakaogharamia ukimya huo.

Dhana: kila mlipuko mpya umetoka kwa popo au mnyama mwingine

Mara nyingine ndivyo ilivyo. Mlipuko wa homa ya Marburg nchini Rwanda mwaka 2024, uliowapata watu 66, wengi wao wahudumu wa afya, na kuua 15, ulionekana kwa vinasaba kuwa ulianza na tukio moja tu la virusi kuvuka kutoka kwa mnyama, kisha vikahama baina ya watu. Lakini Ebola ilipojitokeza Guinea mwaka 2021, virusi vyake vilikaribiana mno na vile vya mlipuko wa mwaka 2014 hadi 2016, dalili kwamba vilikuwa vimejificha mwilini mwa mtu aliyepona. Sisi tunaopakana na Kagera, ambako Marburg imetangazwa mwaka 2023 na tena mwaka 2025, tunahitaji kujua tofauti hiyo kila mara kabla ya kwenda kuziba mapango ya popo.

Dhana: mnasoma vinasaba vyetu sisi

Tunachotafuta ni vinasaba vya virusi. Vipande vya vinasaba vya binadamu vikiingia kwenye usomaji, programu huviondoa kabla ya kuchambua, na maabara inayofanya kazi yake vizuri haitoi nje data ya virusi kabla ya hatua hiyo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama hatua hiyo imefanyika, na anastahili kujibiwa kwa heshima. Wala si lazima sampuli ivuke bahari: mwaka 2015 huko Guinea, wanasayansi walisoma vinasaba vya Ebola kwa kifaa kinachoenea kiganjani, walichokisafirisha kwenye mizigo ya kawaida ya ndege, na waliweza kutoa majibu katika muda usiofika saa 24.

Dhana: mashine ikiwa nzuri, fomu si muhimu

Jenomu isiyo na tarehe wala mahali hainisaidii chochote katika kufuatilia mlipuko. Fomu inayoambatana na sampuli hunifikia imeandikwa "Ukerewe" na hakuna zaidi. Mvuvi wa dagaa huvua wakati wa giza na hurudi kwao mbalamwezi inapofika, na kati ya mwezi mmoja na mwingine anaweza kuwa amelala kwenye kambi za visiwa kadhaa. Anuani ya nyumbani kwake Kirumba, jijini Mwanza, hainiambii virusi vilimpata wapi. Dalili za Marburg hujitokeza siku 2 hadi 21 baada ya maambukizi. Kwa hiyo mchukua sampuli aandike siku dalili zilipoanza, siku sampuli ilipochukuliwa, na kila kisiwa, mwalo na mnada ambao mgonjwa alifika katika siku 21 zilizotangulia dalili, kwa majina yanayotumiwa na wavuvi wenyewe, kabla mgonjwa hajazidiwa akashindwa kuzungumza.