Je, Wajua Kwa Nini Ua la Lonisera Huanza Jeupe Likaishia Njano?

Mwaka wa kwanza nilipopanda lonisera ukutani, nilidhani nimeiua. Maua yalichanua jioni yakiwa meupe pe, na baada ya siku mbili nusu yake yalikuwa na rangi ya siagi. Nikaongeza maji. Yalipozidi kuwa ya njano, nami nikazidi kumwagilia, mpaka majani ya chini nayo yakaanza kugeuka, safari hii kwa ugonjwa wa kweli: mizizi ilikuwa inaoza. Ugonjwa wa kwanza haukuwepo kabisa. Wa pili niliuleta mwenyewe kwa ndoo.

Lonisera ni mmea wa kuparamia, ule ambao Waingereza huuita honeysuckle, jina lenye maana ya kunyonya asali. Jina la kisayansi, Lonicera, linamkumbuka Adam Lonitzer, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani wa karne ya 16. Spishi zake zinapita 150, lakini inayojulikana zaidi kwa kubadili rangi ni Lonicera japonica ya Asia ya Mashariki. Wachina huiita jin yin hua, ua la dhahabu na fedha, maana kikonyo kimoja hubeba rangi zote mbili kwa wakati mmoja.

Sasa, kwa nini ligeuke? Tuanze na mteja wake. Ua la lonisera ni mrija mwembamba wenye urefu wa sentimita 3 hadi 5, na nekta imekaa chini kabisa. Nyuki wa kawaida ulimi wake haufiki huko. Yeye huishia kuchukua chavua mlangoni. Anayefika ni nondo mkubwa wa usiku, mwenye ulimi mrefu uliojikunja kama kamba, ambaye huelea hewani mbele ya ua bila kutua. Kwa hiyo ua hujipanga kwa ajili yake: hufunguka jioni, huvaa rangi nyeupe inayoonekana gizani, na harufu huiachia kwa wingi giza likiingia. Sehemu kubwa ya harufu hiyo ni linaloli, kemikali ile ile inayopatikana kwenye mrehani na lavenda. Ukipita saa sita mchana unaweza kudhani mmea hauna harufu. Rudi jioni, hutauliza tena.

Ua likishamaliza kazi, nekta hupungua na petali huanza kujaza karotenoidi, jamii ya rangi inayofanya karoti iwe karoti. Hapo ndipo weupe unapogeuka njano. Swali langu siku zote lilikuwa hili: kama kazi imekwisha, kwa nini lisidondoke tu? Maelezo ya wataalamu wa uchavushaji yananiridhisha. Maua mengi yakikaa pamoja huonekana kutoka mbali, kwa hiyo ya zamani yanasaidia kuita wageni. Mgeni akishafika karibu, rangi inamwelekeza aende kwenye meupe yenye kinywaji, asipoteze muda kwenye vikombe vitupu. Lantana nayo ina ujanja wa aina hiyo: vijiua vyake vingi huanza na njano, vikaishia rangi ya chungwa au nyekundu.

Unaweza kulithibitisha kwa mkono wako. Chuma ua jeupe lililofunguka usiku wa jana. Libane kitakoni kwa kucha mpaka ngozi yake ikatike, lakini usikate uzi uliomo ndani. Uvute uzi huo taratibu kwa nyuma. Utatoka ukisukuma tone moja linalong'aa, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, tamu. Halafu jaribu na ua la njano. Mara nyingi uzi hutoka mkavu. Ila usifanye hivyo kwenye mmea uliopuliziwa dawa, na watoto waambiwe mapema kwamba matunda yake hayaliwi: ya spishi nyingi huchafua tumbo na kuleta kutapika.

Ukishaelewa hayo, utunzaji unakaa sawa. Usiung'oe mmea wala kuutibu kwa sababu ya maua ya njano. Uupande karibu na dirisha au kibaraza unachokitumia jioni, si nyuma ya ghala ambako harufu itapotea bure. Lakini angalia spishi kabla ya kununua: Lonicera sempervirens ya Marekani ina maua mekundu ya kupendeza, ila haina harufu, kwa sababu yenyewe hutegemea ndege mvumaji anayekuja mchana na kufuata rangi.

Kanuni ya zamani ya watunza bustani ni miguu kivulini, kichwa juani. Udongo wa shinani uwe na mboji, ushike unyevu bila kutuamisha maji, na ufunikwe kwa matandazo ambayo hayagusi shina. Ukipanda ukutani, acha nafasi ya sentimita 30 hivi, kwani udongo ulio chini kabisa ya ukuta hukosa mvua. Lonisera haina vikono vya kushikia wala gundi. Hujizungusha, basi uipe waya au nguzo nyembamba. Usiipe mti mchanga. Huukaba kwelikweli, hadi shina la mti linabaki na mzunguko kama parafujo.

Mizizi ikikauka huku hewa ikiwa imetulia, majani hupata ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama vumbi la unga. Vidukari nao hupenda ncha changa. Mnyunyizio wa maji wa nguvu huwapunguza. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa majani ya kujivunia na maua ya kuhesabu.

Kupogoa ndiko kunakowakosesha wengi. Lonicera periclymenum, ile ya Ulaya, huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo ipunguze mara tu maua yanapokwisha. Ukikata kabla, umekata maua yenyewe. Lonicera japonica huchanua kwenye machipukizi mapya, nayo hukatwa kabla haijaanza kuchipua.

Na hiyo ya pili nina neno nayo. Iliingizwa Marekani mwaka 1806, ndege wakala matunda yake meusi na kusambaza mbegu, na leo imefunika misitu mingi ya mashariki ya nchi hiyo kiasi cha kuhesabiwa mmea vamizi. Mahali ulipo ikiwa imepigwa marufuku, chagua ile ya Ulaya au spishi ya asili ya kwenu. Ikiwa inaruhusiwa, usiache matawi yanayotambaa chini. Kila kifundo kinachogusa udongo unyevu huota mizizi, ndiyo maana kuizalisha ni rahisi mno: laza tawi, lifunike kwa udongo kidogo, liwekee jiwe juu, na baada ya miezi kadhaa likate upande wa mama.