Ndimu haikati kitambi

Juma lililopita mama mmoja anayeuza nafaka katika Soko la Mbuyuni, hapa Moshi, aliketi mbele yangu kutaka ushauri wa lishe, akatoa mkobani chupa ya maji ya ndimu yenye tangawizi na mdalasini, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, nimeyanywa haya kila alfajiri kwa miezi miwili na tumbo halijasogea. Nimekosea vipimo?" Alikuwa mtu wa tano kuniletea swali hilo tangu sikukuu za Desemba zimalizike, na waliomtangulia walitofautiana naye kwa kiungo kimoja tu, kwani mmoja alitumia siki, mwingine asali, mwingine kitunguu saumu. Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja huku mchanganyiko mpya ukisambazwa kila siku kwenye makundi ya simu. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mama huyu alikuwa na nidhamu ya kuamka alfajiri siku sitini mfululizo, na nidhamu hiyo yote aliipeleka mahali isipoweza kuzaa chochote.

Hakuna chakula wala kinywaji kinachokata mafuta ya tumbo. Nadhani imani hii imezaliwa jikoni, kwa sababu kila aliyeosha sufuria ya supu ya mbuzi ameona maji ya moto na ndimu vikiondoa mafuta yaliyoganda, na ni rahisi kufikiri kwamba ndani ya mwili mambo huenda vivyo hivyo. Lakini mafuta ya mwilini hayakuganda popote; yamehifadhiwa ndani ya seli, chini ya ngozi na katikati ya viungo vya ndani, ilhali maji unayokunywa hupita katika mfuko wa chakula na utumbo, kisha huingia kwenye damu yakiwa maji tu kama mengine. Viwili hivyo havikutani. Ndimu ina vitamini C na ladha nzuri, na ikichukua nafasi ya soda utapungua, ila kilichokupunguza ni soda uliyoiacha, ambayo chupa yake ya mililita 350 hubeba sukari ya karibu gramu 35 hadi 40.

Mafuta huondoka mwilini pale chakula kinapokuwa pungufu ya matumizi. Insulini, homoni inayouamuru mwili kuhifadhi sukari na mafuta, ikishuka, seli huachilia mafuta kwenye damu, na misuli, moyo na ini huyachoma. Mwaka 2014 ilichapishwa hesabu iliyoonyesha kwamba kilo 10 za mafuta zikichomwa, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kaboni dioksaidi na kilo 1.6 zinazobaki huwa maji. Ndiyo maana sina subira na mikanda ya plastiki inayofungwa tumboni ili mtu atoe jasho, kwa kuwa jasho ni maji na chumvi, na yote hurudi ukinywa bilauri mbili.

Mwili pia ndio unaochagua mafuta yaanze kutoka wapi. Mwaka 1971 watafiti walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, wakakuta mkono unaoshika raketi una misuli mikubwa zaidi, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi haukutofautiana na ule wa mkono wa pili. Tangu hapo tafiti nyingi zimekubaliana na matokeo hayo, ingawa mwaka 2023 ulitoka uchunguzi mdogo wa wanaume wanene ulioashiria kwamba mazoezi marefu ya tumbo huenda yakatoa kidogo zaidi eneo hilo. Siufichi uchunguzi huo, ila siwezi kumjengea mtu mpango wa miezi sita juu yake.

Sasa niseme kuhusu ugali, maana hapa ndipo ninapoudhika hasa. Kila mtu anamfahamu jirani aliyeacha ugali, wali na ndizi, akapungua kilo mbili au tatu katika juma la kwanza, na ushahidi huo wa macho hushinda maelezo yangu yote. Jirani hadanganyi, mizani kweli imeshuka. Lakini mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kama glaikojeni, kwa kawaida nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo, kwa hiyo unaweza kupoteza kilo mbili bila mafuta kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nguvu ya karibu kalori 7,700, na hakuna mtu anayeweza kuipunguza kwa siku mbili kwa kuacha ugali. Juma la tatu jirani hurudi kwenye harusi, hula pilau, maji yanarudi, mizani inapanda, naye hukata tamaa akiamini kwamba ugali umemrudishia kitambi kwa usiku mmoja.

Linganisha ugali huo na kitu ambacho hakuna anayekitaja. Gramu 100 za unga wa mahindi hutoa karibu kalori 360. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti hutoa karibu 120, maana gramu moja ya mafuta ina kalori 9 huku gramu ya wanga au protini ikiwa na 4. Vijiko vitatu vya mafuta, basi, ni sawa na gramu 100 za unga, na vijiko vitatu huingia kwenye mchicha wa watu wawili bila mpishi kugeuza shingo. Familia ya watu watano inayotumia robo lita ya mafuta kwa siku, kwa chapati za asubuhi, kuunga mboga na kukaanga samaki, humpa kila mmoja zaidi ya kalori 400 ambazo hakuna anayezikumbuka ninapouliza amekula nini. Watu huniorodheshea ndizi, maharage na mnafu, vyakula vizuri kabisa vya hapa Kilimanjaro, nami hulazimika kuuliza mara tatu kabla ya kusikia kwamba ndizi zilikaangwa, kwamba chai ilikuwa na vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku, na kwamba jioni palikuwa na bia mbili za nusu lita, ambazo kila moja ina takriban kalori 200.

Mtu akipunguza kalori 500 kwa siku atapungua karibu nusu kilo kwa juma hapo mwanzoni, kisha kasi itafifia kwa sababu mwili mwepesi hutumia kidogo na mtu mwenye njaa hujongea kidogo bila kujua. Nikiri pia kwamba hesabu hizi ni za kukadiria. Mtu anayekula sinia moja na ndugu zake hawezi kuniambia alikula gramu ngapi, nami sijaona faida ya kumnunuza mizani ya jikoni. Nampimia kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya majuma mawili, katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akiwa ameshatoa pumzi kawaida. Vikomo tunavyotumia kuashiria kiuno cha hatari kwa afya, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, viliazimwa kutoka kwa vipimo vya Wazungu, kwa kuwa takwimu za Waafrika hazikutosha, hivyo navichukulia kama alama za njiani. Lakini tumbo likikua huku mikono na uso vinakonda, au likiwa gumu na lenye maumivu, hilo si suala la lishe, nenda hospitali.

Kwa wanaotaka siksipaki, yaani misuli ya tumbo inayoonekana imegawanyika vipande, nitakuwa mfupi zaidi. Vipande hivyo kila mtu anavyo; idadi na mpangilio wake hutokana na kano ulizozaliwa nazo, na havionekani mpaka mafuta yaliyo juu yake yapungue, kwa makadirio hadi asilimia 10 au 12 ya uzito kwa mwanamume na 16 hadi 20 kwa mwanamke. Ili unachopoteza kisiwe misuli, kula protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, isipokuwa kama una ugonjwa wa figo, na nyanyua vitu vizito. Dagaa, maharage, mayai na maziwa yanatosha, bila poda ya gharama.

Tafadhali msiwapeleke wanawake wote huko. Kwa aliyejifungua, tumbo linalobaki mbele huenda ni misuli iliyoachana katikati, jambo ambalo kufunga kanga wala kula kidogo hakulirekebishi, na anahitaji mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo. Na mwaka jana walinijia wasichana wawili, kwa nyakati tofauti, wenye matumbo yaliyochongeka kama walivyotamani, na hedhi zao zilikuwa zimekatika kwa miezi kadhaa kwa sababu mwili uliokosa nguvu husitisha kwanza kazi ya uzazi. Wote wawili niliwarudishia wali, mtori na parachichi, nikawaelekeza kwa daktari wa wanawake kabla ya kujadili jambo jingine lolote.

Yule mama wa Mbuyuni nilimwambia aendelee na ndimu yake kama anaipenda. Nilimwomba tu aweke alama ya kalamu kwenye dumu la mafuta Jumapili usiku, aweke nyingine Jumapili inayofuata, kisha aje nalo tulitazame pamoja.