Kupima unyevu wa nafaka kwa maikrowevu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mkoani Tabora, wakulima wengi hupima ukavu wa mahindi kwa kuyang'ata, au kwa kutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa. Wapo wanaoamini kuwa chumvi isiponata kwenye chupa mahindi yako tayari kwa ghala. Njia hiyo huonyesha tu kwamba unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, ilhali kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi hakizidi asilimia 13.5, na katika pengo hilo kuvu bado huweza kuota.

Vipimo vya maikrowevu, yaani vifaa vinavyokadiria unyevu kwa kupitisha mawimbi mafupi ya redio kwenye nafaka, vinaweza kuliziba pengo hilo, lakini navyo vimezushiwa mengi. Husemwa kwamba mawimbi yake huipika mbegu au kuitia sumu. Jiko la maikrowevu hutumia mamia ya wati. Kipimo hutumia miliwati (sehemu za elfu za wati) chache, nguvu isiyotosha kupasha punje joto la maana, na mawimbi hayo hayana uwezo wa kuvunja chembe za uhai kama ufanyavyo mwale wa eksirei.

Dhana nyingine ni kwamba kifaa huyaona maji yenyewe. Kinachopimwa ni jinsi wimbi linavyodhoofika na kuchelewa linapopita kwenye nafaka, kwa kuwa maji huitikia umeme wa wimbi kwa nguvu nyingi zaidi kuliko wanga mkavu. Tatizo ni kwamba nafaka iliyoshindiliwa nayo hulichelewesha wimbi kuliko iliyomiminwa kwa wepesi, hata unyevu ukiwa uleule. Stuart Nelson na Samir Trabelsi, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Athens, Georgia, walionyesha kuwa kuyaunganisha mabadiliko mawili ya wimbi, kudhoofika na kuchelewa, katika hesabu moja huondoa karibu athari yote ya mshindilio. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo uzito wa teknolojia hii, kwani mnunuzi anaweza kupima nafaka inayotiririka bila kuipima uzito kwanza.

Joto, hata hivyo, halipuuzwi: mahindi yaliyotoka juani kwenye turubai huonekana na unyevu mwingi kuliko yalivyo, kifaa kisiporekebisha jotoridi.

Wala kiwango kimoja hakifai mazao yote. Karanga zilizobanguliwa hukaushwa hadi asilimia 7 hivi, kwa sababu mafuta hayashiki maji, hivyo unyevu wote hukusanyika katika sehemu ndogo iliyobaki, na kuvu hupata maji mapema kuliko kwenye mahindi.

Kosa baya zaidi ni kuyachukulia matokeo ya kipimo cha ukavu kama cheti cha usalama. Sumukuvu iliyokwisha kuingia shambani au wakati wa kuanika haitoki kwa kukausha, na kipimo cha unyevu hakiioni. Sumu hiyo inahitaji uchunguzi wake yenyewe, kama wa maabara. Vilevile mbegu kavu yaweza kuwa imekufa: uotaji hupimwa kwa kuiotesha na kuhesabu miche.